Pjetër Bogdani, askofu wa noti ya thao

Albania iko na noti ya thao, lek 1,000, na sura iliyochapwa juu yake ni ya askofu Mkatoliki. Fikiria hiyo kidogo. Hii ni nchi ambayo dini yenye wafuasi wengi zaidi ni Uislamu. Ni nchi ambayo mwaka wa 1967 serikali yake ya kikomunisti ilipiga marufuku dini zote, msikiti na kanisa kwa pamoja. Halafu 1996 wanatoa noti mpya na kuweka askofu. Tena kwa thao, si kwa ile sarafu ya kurudishiwa chenji dukani.

Huyo askofu anaitwa Pjetër Bogdani. Pjetër ndiye Petro wetu. Alikufa kwa tauni Desemba 1689 mjini Prishtina, katikati ya vita ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amewahimiza watu wake waviingie. Miaka tisa baadaye mpwa wake aliandika ripoti kwenda Roma akieleza kilichofanyiwa mwili wa mjomba wake baada ya kuzikwa, na nitafika huko, lakini polepole, kwa sababu ukianzia mwisho utadhani hii ni story ya Msalaba na Mwezi kupigana. Ndivyo husimuliwa mara nyingi. Kuna wanaomfanya shujaa wa upanga, kuna wanaomwona kibaraka wa Wazungu wa Vienna. Mimi naona wote wanaruka kitu kimoja kinachoboa kukisoma lakini ndicho kilichoamua karibu kila kitu, na kitu hicho ni kodi.

Kabla uniulize haya yanatuhusu nini: kila ukimwita polisi afande, unatumia neno la Kituruki, efendi, lililofika huku kupitia Misri na Sudan na wale askari walioletwa na Waingereza. Na kama shule yenu iliwapeleka Fort Jesus, jua kwamba Wareno walianza kuijenga 1593, miaka minne tu baada ya kumkamata pale Mombasa nahodha wa Kituruki aliyekuwa akiwasumbua pwani yote, Mir Ali Bey. Hao ndio Waosmani. Milki yao ilikuwa kubwa kiasi kwamba karne moja Mombasa ilikuwa pembeni kabisa upande mmoja na Vienna pembeni upande mwingine. Albania, Kosovo na Masedonia zilikuwa ndani kabisa.

Sasa, sheria yao kwa Wakristo. Mkristo au Myahudi aliruhusiwa kubaki na dini yake, asali, aoe, azike watu wake. Lakini mwanamume mzima asiye Mwislamu alilipa kodi ya kichwa, jizya, ambayo Mwislamu hakulipa. Kanisa jipya halikujengwa bila ruhusa, na mbele ya kadhi neno la Mkristo halikuwa na uzito sawa na la Mwislamu. Usawa haukuwepo. Lakini pia tuseme ukweli: Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492 wengi walikimbilia kwa Sultani, kwa sababu huko Ulaya ya Kikristo hawakuwa na mahali. Kwa viwango vya wakati ule, kulipa na kuachwa uishi haikuwa deal mbaya sana.

Shida ya Wakatoliki ilikuwa ya pekee. Waorthodoksi walikuwa na patriaki anayetambuliwa na Sultani, mtu wa ndani ya mfumo, mwenye ofisi na barua. Mkubwa wa Wakatoliki alikuwa Papa, naye Papa ndiye aliyekuwa akichanga pesa na kuunganisha wafalme wampige Sultani. Kwa hivyo askofu Mkatoliki wa Shkodra au Skopje, hata akiwa mtu mpole wa kusali rozari tu, kwa macho ya serikali alikuwa kama mtu ambaye bosi wake ni adui wa taifa. Na juu ya hiyo, maaskofu wa Kiorthodoksi nao walikuwa wakidai haki ya kuwatoza Wakatoliki wa eneo lao. Unabanwa huku, unabanwa kule.

Halafu karne ya 17 ikawa ngori. Kutoka 1645 hadi 1669 Waosmani walikuwa vitani na Venice juu ya kisiwa cha Krete. Miaka 24! Vita vya urefu huo hula hazina, na hazina ikiisha kinachofuata mnakijua. Kodi za Wakristo zilipanda. Na sehemu nyingi kodi haikuhesabiwa kichwa kwa kichwa. Kijiji kizima kiliandikwa kwa daftari kiasi chake, na kiasi hicho hakikubadilika haraka. Hapo ndipo mtego. Ni kama mko watu kumi kwa nyumba moja ya kupanga, saba wanahama, na mwenye nyumba bado anataka pesa ileile kwa wale watatu. Kila mwanamume aliyesilimu alitoka kwa hesabu, na mzigo wake ukabaki kwa jirani. Jirani naye akishindwa, anasilimu. Hakuna mtu amewawekea panga shingoni. Daftari tu.

Kuna padri mmoja wa Kialbania, Gregor Mazrreku, aliyeandika mwaka wa 1651 kuhusu eneo la Suhareka, karibu na Prizren. Anasema kijiji kilikuwa na nyumba 160 za Wakristo. Wakati anaandika walikuwa wamebaki wanawake 36 au 37. Wanaume wote walikuwa wamesilimu. Wanawake wakabaki Wakristo kwa sababu jizya haikutozwa wanawake, na sheria ya Kiislamu inamruhusu mwanamume Mwislamu kuwa na mke Mkristo. Kwa hivyo ndoa ziliendelea, chakula kiliendelea kupikwa kwa moto uleule, ila kwenye daftari baba ni Hasan na mama bado ni Maria. Na hao wanaume, anaripoti Mazrreku, walimwendea padri kisiri wakimwambia mioyoni ni Wakristo, wamebadilika kwa ajili ya kodi tu, basi tafadhali aje awaungamishe.

Waalbania wana neno la watu hao: laramanë, wenye rangi mbili. Kwangu hiyo nyumba ya Hasan na Maria ndiyo katikati ya hii story yote, kuliko mfalme yeyote. Jiweke kwa viatu vya padri. Mwanamume anagonga mlango usiku anataka komunyo. Ukimpa, Roma inakuuliza kwa nini unampa sakramenti mtu anayemkana Kristo mchana. Na serikali ikijua, ni kosa zito, kwa sababu kwa sheria yake Mwislamu haruhusiwi kurudi nyuma. Ukimnyima, umeipoteza hiyo nyumba milele, pamoja na watoto. Hakuna jibu safi.

Bogdani alizaliwa ndani ya dunia hiyo, karibu mwaka wa 1630, Gur i Hasit, upande uleule wa Prizren. Familia yake ilikuwa ya kanisa: mjomba wake Andrea Bogdani alikuwa askofu mkuu wa Skopje. Kijana akapelekwa kusoma Italia, chuo cha Loreto, akarudi akawa padri wa parokia milimani, kisha akaenda Roma kwenye chuo cha Propaganda Fide, akatoka 1656 na udaktari wa falsafa na teolojia. (Propaganda Fide ilikuwa ofisi ya Papa ya kueneza imani, iliundwa 1622, na ndiyo, neno propaganda tunalorushiana kila siku wakati wa kampeni lilitoka hapo.) Mwaka huohuo wa 1656 akafanywa askofu wa Shkodra. Alikuwa na kama miaka 26. Hiyo ni miaka michache kunizidi mimi, na mimi bado naambiwa na watu wa kwetu nikamalize digrii.

Kazi ya askofu kule haikuwa ile tunayoiona leo ya gari na walinzi na kuitwa kubariki mikutano. Sehemu kubwa ilikuwa kutembea na kuhesabu. Nyumba ngapi za Wakatoliki zimebaki kijiji hiki, roho ngapi, mapadri wangapi, kanisa lina paa au halina. Yote yakaandikwa na kutumwa Roma. Ripoti hizo za maaskofu ndizo zinatuwezesha leo kujua ni nani alibadilika, lini, na alilipa nini. Ukizisoma kwa mfululizo unaona namba zinashuka tu, kama betri ya simu. Na katika miaka ya 1660, vita vikiwa vimechacha, ilibidi Bogdani ajifiche vijiji vya karibu na Shkodra. Kuna pango pale Rjoll ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Alikuwa askofu wa Shkodra miaka 21, na sehemu ya hiyo miaka alikuwa akijificha mlimani. Mwaka wa 1677 akamrithi mjomba wake Skopje, jimbo ambalo lilibeba Kosovo ndani yake, yaani kwao kabisa.

Na hapa ndipo anafanya kitu ambacho mimi namheshimia kuliko vyote. Aliandika kitabu, na akakiandika kwa Kialbania.

Uelewe Kialbania kilikuwa kimesimama wapi. Kitabu cha kwanza cha lugha hiyo tunachokijua ni cha 1555, kitabu cha misa cha padri anayeitwa Gjon Buzuku. Baadaye kukaja katekisimu na vitabu vya sala vya Pjetër Budi, kisha kamusi ya Kilatini na Kialbania ya Frang Bardhi mwaka wa 1635. Vingi vilikuwa tafsiri, sala za watu wengine zikivalishwa maneno ya nyumbani. Hakuna aliyekuwa amekaa chini akafikiri kwa Kialbania kwa kurasa mamia, kuhusu uumbaji, manabii, maisha ya Yesu, kwa sentensi zake mwenyewe. Bogdani ndiye alifanya hivyo. Kwa vile lugha haikuwa na maneno ya mambo mengi ya falsafa, alichimbua maneno ya zamani yaliyokuwa yakisahaulika, na pale yalipokosekana akaunda yake.

Jina la kitabu ni la Kilatini, Cuneus Prophetarum, kikosi cha manabii. Ndani kila ukurasa una safu mbili, Kialbania upande mmoja na Kiitaliano upande wa pili. Hiyo safu ya pili ilikuwa ya Roma. Wakubwa walitaka waweze kusoma kinachosemwa kabla kichapwe, na huwezi kuwalaumu sana, lakini ona vile mambo yalivyo: mtu wa Hasi hakuweza kuandika kwa lugha ya mama yake bila kumwekea mwenye muhuri tafsiri kando.

Nadhani najua aliyemwandikia. Mapadri walikuwa wachache na wengine elimu yao ya Kilatini ilikuwa nusu nusu. Wanaume walikuwa wanaondoka kwenye daftari la kanisa. Waliokuwa wakiishikilia dini nyumbani ni kina Maria, ambao Kilatini kwao kilikuwa kelele tamu tu ya misa. Kama imani itabaki, itabaki kwa maneno wanayoyasema jikoni. Kwa hivyo nikisikia watu wanasema Bogdani ni wa noti kwa sababu alipigana na Waturuki, nataka kuwauliza kama wamewahi kuona hizo kurasa zake.

Kukichapisha ilikuwa safari nyingine. Hali ilipokuwa mbaya alikimbilia Dubrovnik, akapita Venice hadi Padua, akiwa amebeba miswada yake. Askofu wa Padua, Kadinali Gregorio Barbarigo, ambaye walifahamiana tangu Roma, alikuwa ameanzisha kiwanda cha chapa pale seminari kilichokuwa na herufi hadi za Kiebrania, Kiarabu na Kiarmenia. Mwaka wa 1685 kitabu kikatoka. Pale Padua alikuwa salama, ana rafiki kadinali, ana mashine ya kuchapa. Angekaa. Machi 1686 akarudi Balkani.

Alirudi wakati mbaya, au wakati mzuri, inategemea ulikuwa umeahidiwa nini. Mwaka wa 1683 Waosmani walikuwa wameshindwa nje ya kuta za Vienna, na tangu hapo Austria, Venice, Poland na Papa walikuwa wanawasukuma nyuma. Mwaka wa 1688 Belgrade ikaanguka. Kwa mara ya kwanza kwa vizazi vingi Mkristo wa Kosovo aliweza kuangalia barabara ya kaskazini na kufikiri kwamba kuna jeshi linakuja. Bogdani aliamini. Akazunguka akiwahimiza watu wajiandae kuinuka.

Jeshi lilikuja vuli ya 1689, likiongozwa na Jenerali Piccolomini. Waalbania wakajiunga nalo; askari 6,000 ndiyo namba inayotajwa sana kuhusu watu waliokusanywa na Bogdani, ingawa wapo wanahistoria wanaoibishia. Likateremka hadi Skopje, na mwishoni mwa Oktoba Piccolomini akauchoma ule mji. Ndiyo, umesoma vizuri. Aliona hawezi kuushika, tena tauni ilikuwa ndani, akauwasha moto. Skopje ndiyo ilikuwa jina la jimbo la Bogdani. Jeshi la ukombozi likachoma mji ambao yeye alikuwa askofu wake mkuu.

Siku chache baadaye, tarehe 9 Novemba, tauni ikamuua Piccolomini mwenyewe pale Prizren. Aliyechukua nafasi yake, mwanamfalme wa Holstein, akawadharau wenyeji waliojiunga naye, akawanyang'anya silaha na vijiji vikachomwa. Desemba ikamfikia Bogdani, Prishtina, tauni ileile. Tarehe 2 Januari 1690 Waaustria wakapigwa vibaya Kaçanik. Wakarudi walikotoka. Kutoka jeshi kuingia hadi kuanza kukimbia ni miezi michache tu, hata mahindi ya long rains hayangekuwa yamekauka shambani.

Waliobaki ndio walilipa. Askari wa Sultani pamoja na Watatari waliteka tena Kosovo na kulipiza. Patriaki wa Waserbia, Arsenije, ambaye naye alikuwa ameegemea upande wa Austria, akaondoka na maelfu ya watu kuelekea kaskazini na wengi hawakurudi tena. Na mwaka wa 1698 Gjergj Bogdani, yule mpwa, akaripoti kwamba askari wa Kituruki na Watatari waliufukua mwili wa mjomba wake na kuwatupia mbwa katikati ya uwanja wa Prishtina.

Naelewa kwa nini alifanya alivyofanya. Ukihesabu nyumba zinazopungua kwa miaka 30, unafika mahali unaona kungoja nako ni kufa. Lakini siwezi kumpa pasi kwa hili kwa sababu tu alikufa. Huyu ni mtu aliyejificha pangoni miaka ya 1660. Alijua kuliko jenerali yeyote kinachotokea kijijini jeshi likishapita. Jenerali akishindwa ana Vienna ya kurudi. Maria wa Suhareka ana nyumba yake tu, na sasa jirani wanajua mumewe alisimama upande gani. Na sidhani Austria ilikuja kwa ajili ya wale wanawake 37. Ilikuja kwa sababu Sultani alikuwa amedhoofika na barabara ilikuwa wazi.

Kinachonikera zaidi ni tarehe. Vuli ya 1689, muda mfupi tu kabla Bogdani afe, Istanbul ilipata waziri mkuu mpya, Köprülü Fazıl Mustafa Pasha, mtu aliyeanza kufuta kodi za kubuni zilizokuwa zinawafukuza Wakristo. Mwaka wa 1691 jizya ikapangwa upya: kila mwanamume mzima kivyake, kwa viwango vitatu kulingana na uwezo wake, badala ya kijiji kubebeshwa jumla. Haikumaliza ubaguzi, kodi yenyewe ilibaki. Lakini ule mtego wa watatu kulipia kumi ndio uliguswa, na hakuna jeshi la kigeni lililougusa.

Wenye rangi mbili hawakuisha. Mwaka wa 1703 maaskofu wa Albania walikutana kwa sinodi na kuamua kwamba anayejionyesha Mwislamu hadharani asipewe sakramenti kisiri. Mapadri wengi waliendelea kufungua mlango usiku. Karne moja na nusu baadaye, 1845 na 1846, familia za Kosovo zilizojitokeza kusema wazi ni Wakatoliki zilihamishwa kwa nguvu hadi Anatolia, na wengi wakafia huko.

Kitabu kilichapwa tena Venice mwaka wa 1691, kwa jina jipya, safu mbili zilezile. Kikachapwa tena 1702. Prishtina ilikuwa imerudi mikononi mwa Sultani, na ilibaki hivyo hadi 1912.